Pilipili Kama Kinga Njiani

Pilipili twaijua sote kwa chakula. Hapa Gisenyi kichupa cha Akabanga, mafuta ya pilipili yatengenezwayo Nyirangarama na kampuni ya Bwana Sina Gérard, chaonekana mezani kila mahali, nayo hutiwa kwa matone, si kwa kijiko. Lakini pilipili ina kazi nyingine pia. Hutiwa katika kopo dogo la kupuliza, mtu akalibeba ili kujikinga na mshambuliaji. Wasichana wengi wa shule yetu huulizana kama yafaa kuwa nalo. Nataka kueleza kopo hilo lafanya nini, na lisiloweza kufanya.

Kwanza, pilipili huwashaje? Ndani yake mna kitu kiitwacho kapsaisini. Mwaka 1997 mtaalamu wa Marekani, David Julius, na wenzake walionyesha kwamba katika ncha za mishipa ya fahamu mna kama vilango vidogo, ambavyo hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi, ili tuonywe tusiungue. Kapsaisini huvifungua vilango hivyo hivyo pasipo moto wowote, nao ubongo hudhani mwili unaungua. Kwa utafiti huo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Basi mtu aliyepulizwa usoni hufumba macho asipende, hutokwa na machozi na kukohoa. Mara nyingi hali hiyo hudumu nusu saa au zaidi, kisha hupungua.

Hata mnyama mkubwa huikimbia. Katika Tanzania na Kenya, wakulima wanaopakana na mbuga hutundika kambani vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu. Wengine huchoma mavi ya ndovu yaliyochanganywa na pilipili, ili moshi uwafukuze ndovu. Angalia hapo jambo moja: mkulima hataki kupigana na ndovu, ataka ageuke tu. Na kopo la pilipili ni hivyo hivyo. Si silaha ya kushinda vita, bali ni ya kupata nafasi ya kukimbia. Anayelitumia kisha akasimama kutazama, au kugombana, amepoteza faida yake yote.

Tena lina mipaka yake. Makopo madogo hufika mita 3 hivi tu. Likiwa chini ya mkoba, chini ya vitabu na kitenge, halimsaidii mtu aliyeshikwa ghafula. Na upepo je? Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu twajua kwamba mchana upepo mara nyingi hutoka ziwani kuja mjini, na usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Basi anayepanda usiku kutoka ufukoni huenda upepo ukampiga usoni. Akipuliza mbele, pilipili itamrudia mwenyewe. Zaidi ya hayo, kwa mtu mwenye pumu pilipili hiyo yaweza kuleta hatari kubwa, awe mwivi au mpita njia asiye na kosa.

Mama yangu mdogo huuza mboga, na hurudi nyumbani giza likiingia, na fedha za siku nzima kiunoni. Aliniuliza kama kichupa cha Akabanga hakitatosha badala ya kununua kopo. Nilimjibu kwamba hakitatosha. Kichupa kile hudondosha, hakirushi; itambidi amkaribie mtu ambaye yampasa kumkimbia. Na mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo yakiingia machoni mwake mwenyewe hayatoki upesi.

Jambo jingine ni sheria. Katika nchi nyingine kopo hili huuzwa dukani. Katika nyingine huhesabiwa kuwa silaha. Uingereza, kwa mfano, sheria ya silaha ya mwaka 1968 yamkataza raia kuwa nalo. Mji wetu umeshikana na Goma, mpaka tu ndio uutengao, na pande mbili ni nchi mbili. Kwa hiyo, kabla ya kununua, kaulize polisi. Na kabla ya kuvuka, kaulize tena. Ni afadhali kuuliza bure kuliko kukamatwa kwa kitu ulichonunua kwa ajili ya usalama wako.

Ikitokea wewe au mwenzako ameingiwa na pilipili machoni, msisugue. Nendeni penye hewa safi, mpepese macho sana, mkaoshe kwa maji mengi ya baridi kwa muda wa robo saa. Anayeshindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja.

Basi, wenzangu, kopo la pilipili si hirizi. Kinga ya kwanza ni kutembea wawili au watatu, kushika njia yenye taa na watu, kumwambia mtu wa nyumbani saa ya kurudi, kupiga kelele mapema, na kuita polisi kwa namba 112. Wala tusiwaachie wasichana peke yao mzigo huu. Wavulana na wawe wa kwanza kuitikia kelele. Na mwenye kukimbia asione haya, kwa maana wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.