Mtambo Ubaki, Mtu Ashuke

Marangu, chini ya migomba, jua likielekea kuzama. Mzee amefanya kazi Kilimanjaro zaidi ya miaka thelathini: kwanza mgumu wa kubeba mizigo, kisha mpishi, mwisho kiongozi. Binti ni mtafiti wa hali ya hewa. Wiki ijayo anapanda Kibo, akalale ndani ya kreta siku nne na wenzake, wakitengeneza mtambo wa kupima upepo, joto na barafu.



MZEE: Karibu, mama. Vuta kiti. Nasikia unapanda.

BINTI: Ndiyo, Babu. Nimeshafika Uhuru mara moja, nikiwa chuoni, na kichwa hakikuniuma hata kidogo. Ndiyo maana sina hofu sana.

MZEE: Pale kileleni ulikaa muda gani?

BINTI: Kama robo saa. Tulipiga picha, tukashuka.

MZEE: Basi safari ile iweke kando, haikwambii kitu kuhusu hii. Mtalii anagusa kilele na kugeuka. Kabla mwili haujalalamika, yuko njiani kurudi. Wewe unakwenda kulala kule, kula kule, kufunga skrubu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Na kinachowaponza watu wa utafiti, nimekiona mara nyingi, ni ile kazi yenyewe. Mtalii akiumwa, anachopoteza ni picha. Ninyi mkiumwa mnatazama mtambo mnasema, "Tumalize waya huu mmoja kwanza."

BINTI: Mitambo ya kule ina thamani, Babu. Wa kwanza uliwekwa juu ya barafu ya kaskazini mwaka 2000. Barafu ikipungua, nguzo zinabaki juu au zinainama, vipimo vinaharibika. Lazima mtu apande.

MZEE: Apande, sijakataa. Tena napenda vijana wetu wapande, maana hiyo barafu tumeiona ikiisha kwa macho, na vizuri iandikwe na watu wa hapa pia. Ninachotaka ni uandike kisha urudi. Haya, niambie: kwa nini mtu huumwa kule?

BINTI: Oksijeni ni ile ile, sehemu 21 katika mia, kama ya Tanga. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Uhuru, mita 5,895, imebaki karibu nusu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu tu.

MZEE: Vizuri. Na mwili unafanyaje?

BINTI: Unapumua kwa kasi, figo zinarekebisha damu, baadaye chembe nyekundu zinaongezeka. Lakini hayo yanataka siku nyingi.

MZEE: Siku! Hizo ndizo watu wanazobana kwenye bajeti. Sisi tunasema pole pole, wageni wanadhani ni wimbo wa kuwachekesha. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne, lala pale pale. Mchana unaweza kwenda juu zaidi, mradi usiku ushuke. Ndiyo maana tunawapitisha Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha tunawateremsha kulala Barranco, chini ya 4,000. Sasa ratiba yako inasemaje baada ya kambi ya Barafu?

BINTI: Tunalala Barafu, kesho yake tunaingia kreta.

MZEE: Barafu ni mita 4,600 na kitu. Kreta ni 5,700. Umeruka elfu moja kwa siku moja.

BINTI: Lakini katikati hakuna mahali pazuri pa kambi, Babu.

MZEE: Najua. Kanuni itavunjika hapo, hakuna ujanja. Basi jiandaeni kuivunja. Laleni Barafu mara mbili. Siku ya katikati pandeni hadi Stella, mkae kidogo hapo ukingoni mwa kreta, mrudi Barafu kula na kulala. Anayeshindwa kula chakula cha usiku huo, haingii kreta.

BINTI: Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mwaka ule wa 2000, walikaa kule juu wiki kadhaa. Walitoboa barafu wakatoa nguzo sita za barafu.

MZEE: Na kiongozi wao alikuwa mgeni wa milima?

BINTI: Hapana. Lonnie Thompson alikuwa amefanya kazi kwenye barafu ya Quelccaya, Peru, tangu miaka ya 1970. Kule nako kunapita mita 5,600.

MZEE: Unaona? Usipime siku zako kwa siku za mtu kama huyo. Juu ya mita 5,500 hakuna mji wa watu popote duniani. Mwili hauwezi kuzoea kikamilifu; kila siku unapungua kidogo, usingizi unakatika, nyama inaisha. Usiku utamsikia mwenzako anaacha kupumua, halafu anashtuka na kuvuta pumzi ndefu. Hilo ni la kawaida kule, msiogope. Ila asimeze dawa ya usingizi, maana zipo zinazozidi kupunguza kupumua.

BINTI: Na dawa ya Diamox?

MZEE: Hiyo zungumza na daktari kabla hujaondoka hapa chini, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Inasaidia mwili kuzoea, lakini haikupi ruhusa ya kukimbia.

BINTI: Babu, nitajuaje kama ni uchovu tu au mlima?

MZEE: Hapo weka kalamu chini unisikilize. Kichwa kinauma, chakula hakitamaniki, kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa mwinuko umeanza. Usipande hata hatua. Pumzika, kunywa, ngoja. Usipopungua, shuka. Lakini yako mawili yasiyongoja asubuhi. La kwanza ni mapafu kujaa maji. Mtu amekaa, hajafanya kazi yoyote, anahema kama amepanda ngazi. Anakohoa, midomo inageuka rangi, baadaye anatoa povu lenye damu. La pili ni ubongo kuvimba. Huyo anayumba, anajibu maneno yasiyohusu, anakasirika bila sababu. Laza kamba chini, mwambie atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole, kama mtoto anayecheza. Akiyumba, mmeshapata jibu. Anashuka saa ile ile, hata kama ni saa nane usiku, na asishuke peke yake.

BINTI: Tuna kile kipimo cha kidoleni.

MZEE: Kizuri, ila kidole cha baridi hudanganya. Mimi namwamini zaidi mtu anayemjua mwenzake. Ninyi mnaandika namba kutwa nzima. Basi mmoja asome, mwingine arudie kwa sauti. Aliyekuwa hakosei akianza kukosea, au mwandiko wake ukibadilika, usimwonee haya. Mwite atembee kwenye kamba.

BINTI: Umewahi kuliona hilo, Babu?

MZEE: Nimeliona kwa mgumu, kijana wetu. Tulikuwa na watafiti, tumelala kreta usiku wa pili. Kila jioni waliulizana wenyewe kwa wenyewe: kichwa kinaumaje, umekula nini. Walikuwa na fomu nzuri sana. Sisi hatukuulizwa. Yule kijana kichwa kilimuuma tangu Barafu, akanyamaza, maana alijua akirudishwa siku zake zinakatwa. Asubuhi nikamkuta mlangoni mwa hema anahangaika na kamba ya kiatu. Hawezi kuifunga. Anaitazama tu, kama hajawahi kuona kiatu.

BINTI: Mlifanyaje?

MZEE: Tulimpa oksijeni, tukambeba. Na hapa ujue jambo ambalo ramani haikuambii vizuri: kreta ni kama bakuli. Huwezi kuteremka moja kwa moja. Lazima upande ukingo kwanza, na mgonjwa mgongoni, ndipo uanze kushuka. Watu sita tulipokezana hadi Stella. Kutoka Barafu kwenda chini tukapata machela ya gurudumu moja. Tulipofika chini ya mita 4,000 akatuuliza ugali uko wapi. Nililia, mama. Hakuna sindano iliyomponya. Kushuka ndiko kulikomponya.

BINTI: Na ile njia ya upande wa magharibi? Ni fupi kuingia kreta.

MZEE: Western Breach. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ikafungwa kwa muda. Mawe yale yanashikwa na barafu. Jua likipiga, yanaachia. Na mitambo mgongoni huwezi kukwepa jiwe. Piteni Stella.

BINTI: Kambini je?

MZEE: Hema liwe mbali na kuta za barafu, zile huvunjika vipande vikubwa. Kwenye matundu yanayotoa moshi wa kiberiti msiiname kuchungulia. Ngurumo ikisikika, acheni nguzo ya chuma mara moja. Miwani ya giza muda wote nje, hata kukiwa na mawingu. Macho yakiungua utahisi kama yamejaa mchanga, na hutafanya kazi siku mbili. Betri lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, na ya simu ya upepo iwe ya kwanza.

BINTI: Chakula?

MZEE: Maharage yasahau. Kule maji yanachemka kwenye nyuzi 81 hivi, utakoka moto mpaka gesi iishe na punje bado ngumu. Bebeni vilivyoiva tayari, supu, uji, viazi vya kupasha. Mpishi wetu angewafungia mtori. Na kunywa kabla ya kiu. Lakini jiko libaki hema la kupikia, na mlango wazi. Umeshasikia watu waliofia chumbani kwa jiko la mkaa?

BINTI: Kila msimu wa baridi husikika.

MZEE: Ni gesi ile ile ya sumu, haina harufu. Baridi ya usiku itawashawishi kuliingiza jiko mnapolala. Na kichwa kitauma, mtasema ni mwinuko.

BINTI: Hilo sikuliwaza.

MZEE: Nani atakayesema "tunashuka"?

BINTI: Mkuu wa mradi. Atakuwa nasi.

MZEE: Hapana. Mwenye mradi ana uchungu na mtambo wake, na akili yake nayo iko kwenye hewa ile ile haba. Mpeni kiongozi wa mlima neno hilo, liandikwe kabla ya kupita geti, lisainiwe. Akisema shuka, hakuna kikao. Mtambo ubaki na upepo, mtarudi mwakani.

BINTI: Mkuu anaweza kukataa.

MZEE: Basi usipande naye. Nakuambia kama mjukuu wangu. Oksijeni mna chupa ngapi?

BINTI: Tatu. Tuko watatu, kila mtu yake.

MZEE: Mtakaolala kreta ni watatu tu?

BINTI: Watafiti ni watatu. Wapo na kiongozi, mpishi, na wagumu... sijui wangapi, Babu. Wakala ndiye anayepanga.

MZEE: Na mifuko yao ya kulalia?

(Binti anafungua daftari. Anakata mstari juu ya ile tatu, anatoa simu mfukoni, anampigia wakala kuuliza majina yao.)