Kokoto Imegonga Kioo: Vidokezo kwa Mwenye Gari

Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, kuna sauti moja utaisikia mapema au baadaye: "tak!" Unashtuka, unatazama mbele, na pale kwenye kioo kuna kidoa cheupe ambacho hakikuwepo Kibaha. Kokoto nyingi zinazojenga jiji zinachimbwa Lugoba, na tipa zinazozibeba zinapita Chalinze na Mlandizi kutwa kucha, nyingine zimefunikwa turubai, nyingine zimefunikwa na Mungu tu. Wala si lazima jiwe litoke kwenye mzigo. Lori lenye tairi pacha nyuma linaokota mawe kando ya barabara, yanabanwa katikati ya tairi, na mwendo ukichanganya yanaachiwa kama ya manati.

Wengi wetu tunasema "aa, kadogo haka," tunaendelea na safari, tunaendelea na mwezi, tunaendelea na mwaka. Kidoa ambacho kingezibwa kwa nusu saa kinageuka ufa wa upande hadi upande, na hapo unanunua kioo kizima. Vidokezo hivi ni vya kukuepusha na safari hiyo ya dukani, na kama haiepukiki, basi usiende mara mbili.

1. Usikanyage breki kwa hofu

Kioo cha mbele hakikumwagikii usoni. Ni vioo viwili vyembamba vilivyobanana na utando wa plastiki katikati, utando ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76 tu, lakini ndio unaoshikilia vipande visiruke. Wazo hilo ni la zamani: Mfaransa Édouard Bénédictus alilipatia hataza mwaka 1909. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya aina nyingine, vile vinavyosambaa punje punje vikipigwa. Kwa hiyo jiwe likigonga mbele, shika usukani, punguza mwendo taratibu, tafuta pa kupaki. Hatari kubwa wakati huo ni basi lililo nyuma yako, si kioo.

Ukishasimama, pitisha kidole ndani ya gari nyuma ya doa. Pakiwa laini, kimeumia kioo cha nje peke yake, na una nafasi nzuri ya kukiokoa. Ukihisi ufa hata upande wa ndani, anza kupanga hela ya kioo kipya.

2. Bandika selotepu hapohapo

Hiki ndicho kidokezo cha bei rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Adui wa doa ni vumbi, maji na sabuni. Vikishaingia ndani ya ufa, dawa ya kuzibia haishiki vizuri, na hata ikishika inaacha alama ya kijivu isiyotoka. Futa juujuu kwa kitambaa kikavu, bandika kipande cha selotepu ya kuonyesha, basi. Kama doa liko mbele ya macho yako, tepu iwe ndogo isikuzuie kuona.

Usipake supagluu. Inakauka ngumu, inaganda mlangoni mwa ufa, na fundi akija hana pa kupitishia dawa yake. Rangi ya kucha ni vivyo hivyo. Na dawa ya meno, pamoja na sifa zote ilizonazo mitandaoni, ibaki bafuni.

3. Usikipe joto na baridi kwa mpigo

Gari limeshinda juani, kioo kinaunguza mkono. Unaingia, unawasha AC hadi mwisho na kuelekeza upepo wote kiooni. Upande wa ndani unapoa na kusinyaa, wa nje bado una moto, na doa lako linapata sababu ya kutembea. Fungua madirisha kwanza, hewa ya moto itoke, kisha washa AC kidogokidogo ikipuliza kifuani. Waosha magari nao waambie wasielekeze mpira wa maji baridi kwenye kioo kilichotoka juani. Kwa wenzetu wa Njombe na Makete, kosa ni la upande wa pili: asubuhi kioo kina barafu, mtu anamwagia maji ya moto ya kwenye birika.

Matuta pia. Bodi la gari linapinda kidogo kila unaporuka tuta, na kioo kinapinda nalo.

4. Pima kabla hujaamua

Kanuni ya mafundi wengi ni rahisi: doa likifunikwa na sarafu ya shilingi 200, linazibika. Ufa mrefu usiozidi sentimita 15 hivi nao unaweza kuzibwa na fundi mwenye vifaa vizuri. Ila angalia mahali ulipo. Ufa uliofika ukingoni mwa kioo ni mbaya hata ukiwa mfupi, kwa sababu pembeni ndiko kioo kinakobeba mkazo mwingi, na ufa wa huko hauna subira.

Mbele ya macho ya dereva kuna sheria kali zaidi, kwa kuwa kuziba hakufuti alama yote. Taa za gari linalokuja usiku zikipiga pale, unaona mng'aro. Uingereza wameliweka hilo kwa vipimo katika ukaguzi wao wa magari: ukanda wa upana wa milimita 290 uliolingana na katikati ya usukani, ndani yake doa lisizidi milimita 10, kwingineko waipa zinakopita, milimita 40. Si sheria ya kwetu, lakini chukua rula upime. Ni kipimo chenye akili.

5. Mwangalie fundi anavyoziba

Kuziba doa si kupaka gundi juu. Fundi anayejua anasafisha tundu kwa sindano, anafunga juu yake kifaa kidogo chenye miguu ya kunyonya, anatoa hewa iliyo ndani ya ufa, ndipo anasukuma dawa iingie mahali hewa ilipotoka. Ukitazama kwa karibu unaona miale ya doa, lile lenye umbo la nyota, ikitoweka mmoja mmoja. Baadaye anamulika kwa taa ya urujuanimno, dawa inakauka, anakwangua iliyozidi kwa wembe na kupolishi.

Kitu kimoja kitakuonyesha kama anajua kazi: atataka kivuli. Jua lina mionzi ileile iliyo kwenye taa yake, kwa hiyo akifanyia kazi juani dawa inaganda kabla haijafika mwisho wa ufa. Fundi anayekuzibia kioo saa saba mchana katikati ya uwanja, mshukuru uondoke.

Usitegemee kioo kuwa kipya. Lengo ni ufa usiendelee. Kadoa kadogo katabaki, nawe utakazoea.

6. Soma bima yako kabla ya kufungua pochi

Mwenye bima ndogo hana cha kusoma hapa. Hiyo ni ya uliyemgonga, si ya kioo chako. Bima kubwa kwa kawaida inagusa kioo cha mbele, lakini mara nyingi ina ukomo wa kiasi, na kioo cha gari la kifahari kinaweza kuuzidi. Piga picha za doa na za gari lote, namba za usajili zionekane, kisha mpigie wakala wako kabla kioo hakijaguswa. Muulize mambo matatu: ukomo ni kiasi gani, je, kuna kiasi unachochangia mwenyewe, na je, wana fundi wao. Ukibadilisha kwanza na kudai baadaye, utakuwa umejitafutia barua nyingi.

Na kumfukuza dereva wa tipa ili akulipe? Jaribu ukitaka, lakini kuthibitisha kwamba jiwe lile ni la kwake ni kazi nzito, na kumfukuza kwa mwendo ndiko kutakakokuletea jiwe la pili.

7. Soma pembe ya kioo

Ukienda Ilala au Gerezani kutafuta kioo, au Barabara ya Kirinyaga kama uko Nairobi, usiishie kwenye neno "orijino". Kila kioo cha maana kina chapa pembeni chini. Tafuta maandishi yanayothibitisha kuwa ni cha tabaka. Kwenye magari mengi ya Kijapani utakuta neno Lamisafe, la kampuni ya Asahi. Tafuta pia herufi E ndani ya duara na namba yake. 43 ni ya Japani. Kioo cha China chenye chapa kamili si kibaya. Kioo kisicho na chapa yoyote ndicho cha kuogopa, kiwe kimetoka popote.

Cha mtumba kinavutia kwa bei, lakini kuking'oa kwenye gari jingine bila kukitia ufa ukingoni ni kazi ya mkono mwepesi sana. Kikague juani, uzungushe jicho kingo zote nne. Halafu simama nyuma yake utazame nguzo ya umeme huku ukisogeza kichwa. Nguzo ikicheza kama nyoka, kioo kina mawimbi, na kichwa kitakuuma kabla hujafika Morogoro.

8. Bishana kuhusu gundi, si kioo peke yake

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo. Watu wanavutana bei ya kioo mpaka jasho, kisha hawaulizi kinabandikwa na nini. Katika magari mengi ya leo kioo cha mbele ni sehemu ya bodi. Kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria, ule unaofumuka kwenye dashibodi, mara nyingi hupanda juu na kuegemea kioo ndipo umfikie mtu. Kioo kikiwa kimeshikwa kwa ujanja-ujanja, mfuko unakisukuma nje na abiria anabaki hana kinga.

Gundi inayotakiwa ni ya poliyurethani ya vioo vya magari. Silikoni ya kuzibia madirisha ya nyumba na masinki haifai, hata kama ni nyeusi na inang'aa vizuri. Omba uione chupa, usome tarehe ya mwisho ya matumizi.

Kisha mtazame anavyoandaa. Kioo cha zamani kikishatoka, gundi kuukuu haing'olewi hadi kwenye bati. Inakatwa kwa kisu ibaki tabaka jembamba, na mpya inalala juu yake. Pakionekana kutu, lazima pasafishwe na kupakwa dawa kwanza, la sivyo gundi itaishika kutu, kutu itaachia, na masika utaendesha ukiwa na maji miguuni. Ukanda mweusi unaozunguka kingo za kioo si urembo: unaikinga gundi na jua.

Wenye Land Cruiser mkonga hamumo katika hotuba hii. Kioo chenu kinakaa kwenye raba. Fundi anaweka kamba ndani ya mfereji wa raba, mwenzake anasukuma kioo kwa nje, naye anaivuta kamba taratibu huku mdomo wa raba ukipanda juu ya bati. Ni raha kutazama. Raba ikiwa imekauka na kupasuka, nunua mpya, usirudishe ileile.

9. Uliza kuhusu kamera

Magari yaliyotoka Japani miaka ya karibuni, kama Subaru zenye EyeSight na Toyota zenye Safety Sense, yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Ndiyo inayosoma mistari ya barabara na kusaidia kufunga breki. Kioo kikibadilishwa, kamera inahitaji kusetiwa upya kwa mashine, kwa sababu ikiinama kidogo tu inakosea umbali. Muulize fundi kabla ya kazi. Akikujibu "hiyo haina shida" huku hajaitazama, tafuta mwingine.

10. Siku ya kwanza, gari lipumzike

Muulize fundi ni baada ya saa ngapi unaweza kuendesha, na jibu alitoe kwenye maelezo ya chupa. Gundi nyingi za aina hii zinakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, ndiyo maana Tanga zinashika upesi kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Usiku ule acha dirisha moja wazi kidogo, na watoto wasibamize milango: hewa iliyofungiwa ndani inakisukuma kioo kabla hakijashika. Usitoe tepu zilizobandikwa, usioshe gari kwa presha siku mbili za mwanzo. Baadaye mwagia maji ya kawaida kwenye kingo, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Likionekana tone, rudi kwa fundi na risiti mkononi.

Stika zilizokuwa kwenye kioo cha zamani, zipige picha kabla hakijatolewa. Zikitoka, hutoka vipande vipande.

11. Liache lori liende

Nishati ya jiwe inaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukikutana nalo kwa kasi mara mbili, kishindo ni mara nne. Jiwe lililorushwa juu na lori linalokuja likiwa na mwendo wa 80, nawe una 80, linakufikia kama uko 160. Kwenye lami iliyotoka kumwagiwa kokoto, na kwenye barabara ya vumbi, shuka hadi 40 mnapopishana. Nyuma ya tipa, kaa mbali kiasi cha kuyaona matairi yake yanavyogusa barabara, au lipite panapoonekana mbele, bila kulifuata mgongoni kwa kilomita kumi ukitafuta nafasi.

Madereva wa zamani walikuwa na mtindo wa kubandika kiganja kwenye kioo kila gari lilipokuja mbele. Walikuwa na sababu yao: magari mengi ya wakati ule yalikuwa na kioo cha mbele cha ile aina ya milangoni, jiwe moja na kioo chote kilikuwa cheupe huoni kitu. Kwa kioo cha leo, mkono huo una kazi nzuri zaidi kwenye usukani.