SOMO LA MWEZI: Bonasi Ikirudishwa kwa Mwajiri, Kodi Yake Yaenda Wapi?

Wengi wetu hapa Kisauni, tuwe wa mahotelini Bamburi au ofisini kule mjini, tukipewa karatasi ya mshahara twatazama mstari wa mwisho tu: pesa za mkononi. Siku bosi akisema, "Ile bonasi ulipewa kimakosa, irudishe," ndipo tabu inapoanza. Tujifunze pamoja.

Mfano. Asha, jina la kubuni, hulipwa Sh 60,000 kwa mwezi. Akapewa bonasi ya Sh 50,000. Kwa viwango vya kodi vilivyoanza Julai 2023, mapato yanayozidi Sh 32,333 kwa mwezi hukatwa asilimia 30, mpaka kufikia Sh 500,000. Tukiweka kando NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba ili hesabu iwe nyepesi, bonasi ile ilikatwa kodi ya Sh 15,000. Asha alishika Sh 35,000. Sasa anadaiwa Sh 50,000! Hizo 15,000 azitoe wapi, na hazikufika mkononi mwake?

Hatua ya kwanza: uliza tarehe. Mwajiri hupeleka PAYE kwa KRA kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kosa likionekana mapema, hesabu ya mwezi ule hurekebishwa kabla kodi haijaondoka. Asha arudishe 35,000, na mambo yaishe.

Hatua ya pili: kodi ikishakwenda. Mwajiri arekebishe ritani yake ya mwezi ule, iitwayo P10, na fomu ya P9A ya Asha isiwe na bonasi ile. Kisha waelewane nani atadai zile 15,000. Asha akirudisha 35,000, mwajiri ndiye mwenye haki ya kuzifuata. Akirudisha 50,000 nzima, basi ni zake Asha, azidai kwa ritani ya PIN yake. Wote wawili hawawezi kudai pesa hizo hizo. Maelewano hayo yaandikwe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 yatoa miaka 5 ya kuomba kurudishiwa kodi ya mapato iliyozidi, lakini usikae ukingoje, karatasi hupotea.

Hatua ya tatu: tazama mkataba. Kuna bonasi isiyo ya makosa: ulipewa kwa sharti ukae kazini miaka kadhaa, nawe ukaondoka mapema. Hiyo ilikuwa mapato yako halali siku ulipolipwa, kwa hivyo ni ngumu zaidi. Usijipunguzie mapato mwenyewe kwenye ritani. Andikia KRA, ukiambatanisha mkataba na risiti ya benki. Uingereza, dalali mmoja wa bima alipewa pauni 250,000, akarudisha 162,500 alipoacha kazi mapema. Alibishana na watu wa kodi mpaka mahakama ya rufaa ya kodi ilipompa haki mwaka 2014. Hiyo si sheria ya Kenya, lakini yaonyesha kuwa swali hili si la kipumbavu.

Jua haki yako. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara uliolipwa zaidi kwa makosa. Lakini makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Usikubali kukatwa ukarudi nyumbani mikono mitupu.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wenye bonasi ya masharti, uliza: nikiondoka, nitarudisha kiasi nilichoshika, au pamoja na kodi? Jibu liandikwe ndani ya mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana kikundini
1. Je, kila mmoja wetu ana P9A yake ya mwaka jana?
2. Kwa mfano wa Asha, ni nani atakayepata hasara kama P9A haitarekebishwa? Ni shilingi ngapi?
3. Tutamsaidiaje jirani asiyejua kusoma karatasi ya mshahara?