Dondoo muhimu: Miguu ya bondia

• Simama miguu ikiachana kwa upana wa mabega, magoti yakilegea kidogo, kisigino cha nyuma kikiinuka.

• Ukienda mbele, tanguliza mguu wa mbele. Ukirudi, anza na wa nyuma. Ukienda kushoto, anza na wa kushoto. Kulia, wa kulia.

• Usipishanishe miguu wala kuibananisha: hata ngumi nyepesi inaweza kukuangusha.

• Chora mstari wa chaki sakafuni, upigane na kivuli ukiufuata, mguu mmoja kila upande.

• Ruka kamba raundi 3 za dakika 3, ukipumzika dakika 1 kila baada ya raundi.

• Ukishapiga, ondoka pembeni. Usibaki mbele ya mpinzani.

Nguvu ya ngumi huanzia miguuni. Ifunze miguu kwanza.