Fuata Safari ya Maji: Kuitunza Mashine ya Kufulia ya Mlango wa Juu

Mashine ya kufulia inayofunguliwa juu haina siri nyingi. Maji yanaingia, yanazungushwa pamoja na nguo na sabuni, yanatoka, kisha nguo zinakamuliwa. Kwa hiyo inapogoma, njia ya haraka ya kujua kinachoisumbua ni kuyafuata maji kutoka bombani hadi kwenye mfereji na kutazama yamekwama wapi. Katika nyumba zetu za pwani, ambako maji hutoka kisimani au kwenye tangi na umeme hukatika bila taarifa, matatizo mengi yanayomfanya mtu aite fundi huwa ni ya maji, sabuni au sakafu. Mashine yenyewe mara nyingi ni nzima.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi. Kuzima kitufe cha mashine hakutoshi, na hata swichi ya ukutani usiiamini sana, kwani zipo nyumba ambazo waya zilifungwa kinyume na swichi hukata waya wa nyutro huku ule wenye umeme ukibaki hai. Funga na bomba pia.

Maji hayaingii, au yanaingia kwa kudondoka

Hapa ndipo penye kesi nyingi. Mashine hizi zimetengenezwa kwa maji yenye msukumo, na vitabu vya maelekezo kwa kawaida hutaja kiwango cha chini cha kilopaskali 30 hadi 50. Kila mita moja ya kimo huleta takribani kilopaskali 10, kwa hiyo maji ndani ya tangi yanapaswa kuwa mita 3 hadi 5 juu ya mahali mpira unapoingia kwenye mashine. Simtanki lililowekwa kwenye jukwaa la mita 2 hufikia hapo kwa shida, hasa ukikumbuka kwamba mdomo wa mashine wenyewe uko karibu mita 1 kutoka sakafuni. Asubuhi tangi likiwa limejaa mashine inafua vizuri. Jioni maji yakiwa yamebaki chini inagoma, na mwenye nyumba anadhani imeharibika.

Mashine inapongoja maji muda mrefu bila kufikia kipimo, hujisimamisha na kuonyesha alama. Kwenye LG ni IE; kwenye Samsung ni 4C, au 4E kwa mashine za zamani. Ukiona alama hiyo, funga bomba, fungua mpira unaoingia nyuma ya mashine, na uchungulie ndani ya mdomo wa vali. Utaona chujio dogo la wavu. Livute taratibu kwa koleo, lisugue kwa mswaki wa zamani chini ya maji, ulirudishe. Maji ya kisima huleta mchanga laini, na mabomba ya chuma ya zamani huleta kutu. Vyote hukusanyika hapo. Anayetumia maji ya kisima alisafishe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Anayepata maji safi ya mamlaka anaweza kungoja zaidi, ila baada ya mgao mrefu alitazame, kwa sababu maji ya kwanza kurudi huja na uchafu wa bomba zima.

Chujio likiwa safi na maji bado ni dhaifu, kinachobaki ni kuinua tangi, kutumia bomba pana lenye kona chache, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Lakini mashine ya mlango wa juu ina faida ambayo ya mlango wa mbele haina: unaweza kumimina maji kwa ndoo moja kwa moja ndani ya pipa. Anzisha programu, chagua kipimo cha maji, mimina hadi mashine ianze kuzunguka yenyewe. Wakati wa kusuuza itabidi urudie. Ni kazi, lakini siku ambayo msukumo wa maji haupo, nguo zinafuliwa.

Jambo moja dogo limewapotezea watu fedha nyingi. Baadhi ya mashine zina midomo miwili, wa maji baridi na wa maji moto. Kama umeunganisha wa baridi tu kisha mtu akachagua maji vuguvugu, mashine itakaa ikingoja maji yasiyokuja. Rudisha chaguo kwenye baridi.

Kuna pia kisa cha kinyume: maji yanaingia lakini hayajai. Nenda ukatazame mwisho wa mpira wa kutolea maji. Kama maji yanatoka huku mengine yanaingia, vali ya chini imeachwa wazi na kitu kilichobana, kwa kawaida kibanio cha nywele, kifungo au soksi ya mtoto. Ikiwa mashine yako ni ya pampu, huenda pia mpira umelazwa chini mno, na maji yanajivuta yenyewe kutoka.

Maji hayatoki

Hapo lazima ujue mashine yako ni ya aina gani. Nyingi za mlango wa juu zinazouzwa kwetu hazina pampu. Zinafungua vali chini na maji yanashuka kwa uzito wake. Mpira wa mashine ya namna hiyo lazima ulale chini sakafuni, bila kupanda popote. Ukiupitisha juu ya ukingo wa sinki au kizingiti cha bafu, maji yatabaki ndani na nguo hazitakamuliwa. Zenye pampu ni tofauti: hizo hutaka mpira uinuliwe kwenye bomba la kusimama, kwa kimo kilichoandikwa kwenye kitabu. Alama ya maji kutotoka kwenye LG ni OE, kwenye Samsung ni 5C au 5E. Tazama kama mpira umepindwa nyuma ya mashine, kama ncha yake imezama ndani ya maji ya mfereji, na kama mfereji wenyewe umeziba kwa nyuzi na mafuta ya sabuni. Mara nyingi jibu utalipata kwenye mfereji.

Kukamua, kelele na mtikisiko

Mashine inayogonga kuta wakati wa kukamua kwa kawaida haikukaa sawa. Shika pembe zake za juu na uitikise. Ikicheza, zungusha mguu mmojawapo hadi miguu yote minne ikanyage, kisha kaza nati ya kufungia. Pima maji ya fundi mwashi ikiwekwa juu yake itakuambia mengine. Sakafu ya mbao au ubao uliochomekwa chini ya mguu havifai. Mashine mpya inayoruka tangu siku ya kwanza, chunguza kama vizuizi vya safari, yaani foamu au vyuma vya kulishikilia pipa, viliondolewa.

Ikiwa sakafu ni sawa, tatizo liko kwenye nguo. Blanketi moja zito peke yake hujikusanya upande mmoja, mashine inajaribu mara kadhaa, inaongeza maji, mwishowe inakata tamaa na kuonyesha UE, au Ub kwenye baadhi ya Samsung. Fungua, zitawanye nguo, ongeza taulo mbili upande wa pili. Na kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Pipa la kilo 8 lililoshindiliwa majinzi hadi juu limezidiwa, hata kama mlango unafunga.

Vitu visivyopitisha maji, kama koti la mvua, turubai au kifuniko cha godoro chenye plastiki, visikamuliwe kwa kasi. Vinashika maji kama mfuko, na yanapomwagika ghafla pipa likiwa kasini, mashine nzima hutikisika kwa nguvu ya kutisha. Mwaka 2016 nchini Marekani, Samsung iliita mashine za mlango wa juu zipatazo milioni 2.8 zirekebishwe, baada ya ripoti kwamba sehemu ya juu iling'oka wakati wa kukamua na watu 9 walikuwa wameumia. Wenye mashine hizo waliambiwa watumie mzunguko wa taratibu kwa matandiko, vitu vikubwa na vile visivyopitisha maji. Ushauri huo unafaa kwa mashine yoyote.

Mashine ikinguruma bila kuzunguka, huenda mkanda umelegea au umekatika, au kapasita imekufa. Mkanda ni spea ya bei nafuu. Kapasita usiiguse: inaweza kuwa bado imeshika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Ikigonga kila inapokamua ingawa imekaa sawa, huenda nguzo za springi zinazolining'iniza pipa zimechoka. Mlio wa kukwaruza unaoongezeka wiki hadi wiki ni wa beringi. Hayo yote mwachie fundi.

Sabuni, uchafu na harufu

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya mashine povu hilo hupunguza msuguano wa nguo, huchanganya kipimo cha maji, hubaki kwenye nguo baada ya kusuuza, na hujipaka kwenye ukuta wa nje wa pipa, mahali ambapo jicho halifiki. Mapipa ni mawili, moja ndani ya jingine. Katikati yao hujikusanya sabuni, nyuzi, mafuta ya mwili na ukungu. Ukiona madoa ya kahawia au vipande vyeusi kama karatasi iliyoungua juu ya kanzu nyeupe, vimetoka hapo. Tumia sabuni ya mashine, na uipime. Kuongeza sabuni hakuongezi usafi.

Mara moja kwa mwezi safisha pipa bila nguo. Jaza maji hadi kipimo cha juu kabisa, ya moto kadiri mkono unavyoweza kuvumilia lakini yasiyochemka, kwa sababu yanayochemka huharibu plastiki na mipira ya ndani. Weka kikombe kimoja cha jiki, acha mashine izunguke dakika chache, isimamishe kwa saa moja, kisha itoe maji na usuuze mara mbili. Mashine yenye programu ya kusafisha pipa itafanya hivyo yenyewe. Toa na mfuko wa kuchujia nyuzi ulio ndani ya pipa. Huo uoshwe kila baada ya kufua, na ukitoboka ununue mwingine.

Maji ya chumvi na chokaa huacha utando mweupe ambao jiki haiuondoi. Kwa utando huo, tumia ndimu ya unga, gramu 100 hivi kwenye maji ya moto, kwa utaratibu uleule. Lakini ifanye siku nyingine. Jiki ikikutana na ndimu, siki au tindikali yoyote hutoa gesi ya klorini, nayo inadhuru mapafu, hasa kwenye bafu lisilo na dirisha. Jambo hili alijue kila anayefua nyumbani. Na kama maji yako yana madini ya chuma, usitie jiki kwenye nguo nyeupe: itayageuza kuwa kutu na nguo zitatoka na madoa ya rangi ya chai.

Ukimaliza kufua, acha mlango wazi hadi ndani pakauke, isipokuwa kama nyumba ina watoto wadogo. Hapo ufunge, uufungue wakiwa wamelala, na ujifunze kutumia kitufe cha kuwazuia.

Katika nyumba nyingi anayetumia mashine kila siku ni dada wa kazi, na ndiye asiyeelekezwa. Anapewa mashine iliyoandikwa Kiingereza au Kichina na kuambiwa abonyeze cha katikati. Kaa naye, mfue pamoja mara moja mwanzo hadi mwisho, mwonyeshe kipimo cha sabuni, mifuko ya nguo ya kukaguliwa na chujio. Andikeni kwa Kiswahili maana ya kila kitufe na mbandike ukutani. Halafu mashine ikisimama, asilaumiwe kabla hajaulizwa nini kimetokea.

Umeme na fundi

Ukigusa bati la mashine ukasikia mtetemo wa umeme, acha kuitumia siku hiyohiyo. Ama waya umechubuka ndani, ama nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Pini ya tatu ya plagi ndiyo inayobeba ulinzi huo. Kuikata ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili ni kuhatarisha maisha ya mtu atakayekuwa amesimama kwenye maji. Tumia pia kifaa kile kinachowekwa kwenye friji, kinachokata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi na kungoja kidogo kabla ya kuurudisha. Bodi ya mashine huungua zaidi umeme unaporudi kuliko unapokatika.

Ukimwita fundi, mwambie namba ya modeli iliyo kwenye karatasi nyuma ya mashine, alama iliyoonekana, na hatua iliyogomea: kujaza, kuzungusha, kutoa au kukamua. Maelezo hayo yanamsaidia aje na spea sahihi badala ya kukutoza nauli mbili. Omba uone spea aliyoitoa. Mashine ya miaka mingi ikihitaji beringi na giaboksi kwa pamoja, linganisha gharama na bei ya mpya kabla hujakubali. Kabla hajaondoka, aiendeshe mzunguko mmoja ikiwa na nguo, muone inajaza, inatoa na inakamua. Kisha mwiname chini pamoja mhakikishe amerudisha bamba la kuzuia panya, kwa sababu bila hilo panya hupanda, hujenga ndani, na hutafuna waya.