SOMO LA BIOLOJIA: Namna ya kupima dawa ya wadudu wa unga

Sisi sote tunaokula bugali tunawajua wale wadudu wadogo wekundu wanaotembea ndani ya unga. Jina lao la elimu ni Tribolium castaneum. Ndugu yao fukusi anataga yai ndani ya mbegu ya mahindi, na mtoto wake anakulia humo humo. Dawa inayopulizwa inje haimfikii. Lakini Tribolium anakaa katika nyufa za sakafu na chini ya mashini za kiwanda cha kusaga. Huyo tunaweza kumpiga na bomba. Tutajua namna gani kama dawa inafaa, mbele ya kupoteza feza za kiwanda?

Wengi wanapuliza, wanaona wadudu wamelala chali, wanafurahi. Wanadanganyika. Pareto, ile dawa ya maua yaliyolimwa sana katika Kivu, inaangusha mdudu upesi, lakini kipimo kikiwa kidogo, kesho yake anaamka na kwenda zake. Ndiyo maana wapimaji wanahesabu mara mbili: kisha masaa 24, halafu tena kisha siku kadhaa, wadudu wakiwa wamehamishwa katika chombo safi.

Tufanye mfano. Tunatafuta vipande vya simenti, vya mbao na vya bati. Tunavipulizia dawa, kipimo kilekile kwa kila mita ya mraba, na kuviacha vikauke. Juu ya kila kipande tunaweka wadudu 20 na kuwazungushia pete ya kioo wasitoroke. Vipande vingine tunapuliza maji tu. Hivyo vya maji watu wanapenda kuvisahau, kumbe bila hivyo hatuna ushahidi, maana mdudu anaweza kufa kwa njaa ao kwa uzee. Mwaka 1925 Mmarekani Abbott alitoa hesabu yake. Tuseme kwenye maji wamebaki hai 16, kwenye dawa 4. Tunatoa 4 katika 16, inabaki 12. Tunagawanya 12 kwa 16: dawa imeua 75 kwa mia. Asiyetazama maji angesema 80.

Kwa nini simenti? Sababu ya chokaa yake. Malathion inaharibika upesi kwenye simenti, wakati kwenye bati ingali inaua. Basi dawa iliyoshinda kwenye kioo cha maabara inaweza kushindwa kiwandani. Tena vumbi la unga linafunika dawa na kumpa mdudu chakula cha kumponesha. Wafagie kwanza, wapulize kisha.

Wadudu wa kupima nao watoke katika kiwanda kilekile. Uchunguzi wa FAO wa miaka 1972-1973, uliotolewa mwaka 1976, ulionyesha kwamba Tribolium wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kuzoea malathion. Wale waliofugwa miaka mingi katika maabara hawajakutana na dawa. Wanakufa upesi, mwenye kiwanda anaamini, ananunua, na wafanyakazi wanaipumua bure.