Faiba imekatika, ruta hazina habari

Swali: Ruta zetu mbili zinaongea OSPF kupitia swichi. Faiba ikikatika ng'ambo ya swichi, mtandao hukwama sekunde 40 kabla ya kuhamia njia ya akiba. Nifanyeje?

Jibu: Swichi ndiyo inayoficha hitilafu. Taa ya poti yako inabaki kijani, na OSPF inaendelea kungoja salamu za kila sekunde 10 hadi 40 zipite. Washa BFD, itifaki ya kugundua haraka kukatika kwa laini, kwenye ruta zote mbili: kwanza kwenye poti, kisha ndani ya OSPF yenyewe, hatua ambayo ni rahisi kuisahau. Anza na pakiti ya kila milisekunde 300, na laini ihesabiwe imekatika zikikosekana tatu mfululizo. Hitilafu itajulikana kabla sekunde haijaisha. Usikimbilie milisekunde 50 kwenye ruta ndogo: prosesa ikielemewa, BFD itaangusha laini iliyo nzima. Vichujio navyo viruhusu UDP 3784.